Leo Kamenge wamepima nilichokula

Wanaume wenzangu, mukiitwa kupimwa damu, musiende na bibi.

Leo, hospitali ya Kamenge, dokta anatueleza, mi na bibi yangu: chakula kinaacha alama ndogo sana mu damu, mikroRNA, zinazohusiana na afya ya moyo na sukari.

Mi nikasikia: damu inasema yote.

Na Mama Aline, bibi yangu, alikuwa amejaza fomu ya chakula kwamba mi nakula maharagwe na mboga za lengalenga tu.

Sindano haijanigusa, nikaungama mbele yake. Broshete, mishikaki ya mbuzi, kule mtaa wa Mutanga Sud, kila jioni kabla ya kurudi nyumbani.

Dokta akanitazama. "Apana baba, damu haisemi jina la broshete. Na majibu ni baada ya miezi."

Mama Aline hakungoja miezi. Saa hii niko mbele ya maharagwe, peke yangu.

Yeye ameenda Mutanga Sud kuzionja zile broshete.