Njia ya Falaj na Baiskeli Isiyo na Kengele

Mjukuu wangu, huyu anayekaa Azaiba, hapa hapa Maskati, kila mwaka hupanda ndege na baiskeli yake mpaka Ufaransa. Huko analipa watu wamuoneshe njia za kimya za mashambani, zisizopita magari, akaendesha kijiji hadi kijiji na kisuruali kimembana mpaka mie nnatazama ukutani. Akirudi ananionesha picha kwenye simu. Kibarabara chembamba, miti huku na huku, mashamba ya zabibu hayana mwisho. Nikamuuliza, zabibu zote hizo za kula? Akaapa za kula. Haya.

"Bibi," akaniambia safari hii, "weye hujui raha ya njia isiyokuwa na mtu."

Nikamwambia, hebu kaa kitako. Babu yako naye aliipata njia isiyokuwa na mtu, papa hapa Ruwi, na nusura afukuzwe kazi.

Majina ya wote waliokuwamo nnayakumbuka, mpaka ya mbuzi wao, lakini sitayaandika. Wajukuu zao wengine sasa ni wakubwa serikalini, na bibi zao humu ndani ya hadithi wamerowa chapachapa.

Tulikuja Maskati kutoka Unguja baada ya mwaka wa sitini na nne, mie bado bi harusi. Baiskeli ya mume wangu tuliifungua vipande vipande tukavificha ndani ya godoro, na godoro nikalilalia mie njia nzima, pedeli inanichoma mbavuni. Siku hizo huku vitu vingi vikitaka ruhusa ya Sultani. Kama baiskeli nayo yataka, hakuna aliyejua, na mume wangu hakutaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Ruwi yenyewe msiitafute katika Ruwi hii ya mabenki na kituo cha basi. Ilikuwa nyumba za udongo, mitende, na majabali meusi yametuzunguka kama watu wanaosubiri jibu. Kazi ya mume wangu ilikuwa Matrah, bandarini, dukani kwa tajiri mmoja wa vitambaa. Kwenda huko unapanda kwanza jabali kwa kinjia cha mbuzi, halafu ukishuka upande wa pili bado uwanda mrefu, jua usoni. Kwa miguu alikuwa akifika wateja wa mwanzo wameshaondoka. Njia ya magari nayo ilikuwa mawe matupu, na ina macho ya askari. Tajiri akamwambia mbele ya wenziwe, "Siku nyingine ukichelewa, usishuke jabali. Geuza huko huko juu urudi kwa mkeo."

Alirudi nyumbani hali hanywi. Pesa nyingine ya kututia chakula mdomoni hatukuwa nayo.

Basi siku moja akaingia anacheka peke yake. "Mke wangu, nimepata njia!"

"Njia gani?"

"Inazunguka jabali kwa chini, kando ya falaj. Tambarare, laini kama sakafu, kivuli cha mitende moja kwa moja. Na hapiti mtu! Hata mmoja! Watu wa hapa hawana akili, wanapanda majabali na njia ipo."

Falaj ni ule mfereji wa maji unaonywesha mashamba. Nikamuuliza, "Sasa mbona hawaipiti?"

"Hawana baiskeli," akanambia, kama hakimu anayefunga kesi. Akaing'oa na kengele asijulikane, akatia mafuta mnyororo, ikawa haitoi sauti hata ya panya.

Kweli akaanza kuwahi. Tajiri akaacha kumsema. Mume wangu akawa anarudi na miluzi, ananielezea njia yake kona kwa kona, mkwaju uko wapi, daraja la magogo liko wapi. Mie nikimsikiliza kwa husuda, maana toka nije nilikuwa sijatoka mlangoni wala sijapigiwa hodi na mwanamke hata mmoja. Nilikuwa nnazungumza na sufuria.

Ndipo alasiri moja wakaja. Kundi zima la wanawake, leso za rangi, pete za pua, mbele yao bi mkubwa mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikatandika mkeka, nikatoa tende, nikachemsha kahawa, nikakaanga na kaimati za kwetu. Wakala. Wakasifu. Wakaniulizia mama yangu, baba yangu, afya ya watu wasiowajua. Huku mgeni hasemi lililomleta mpaka kahawa imalizike, na mie sikuwa na khabari kama kuna lililowaleta. Nilidhani nimependwa.

Bi mkubwa akakitikisa kikombe, yaani basi, nimetosheka. Akasema, "Binti yangu, mumeo ana chuma."

"Naam, bibi."

"Chuma chake hakina mlio."

"Kakitia mafuta," nikasema, na kujisifu.

Wakatazamana. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha chuoni, cha kusomea msahafu, na chao kilikuwa cha kuitia mbuzi, lakini siku ile walisema polepole na kwa mikono, nikaelewa kila kitu. Ile njia ya falaj ni ya wanawake. Ndiko wanakokoga, ndiko wanakofua, toka zama za bibi zao. Ndo maana laini, inakanyagwa kila siku kwa miguu mitupu. Na ndo maana haina mtu, kwani mwanamme wa hapa hata nyoka amfukuze hawezi kukimbilia kule.

"Punda tunamsikia toka mbali," akasema bi mkubwa. "Mwanamme akipotea njia, anakohoa, tunajifunika. Huyu wako anatutokea kama jini! Jana tumezama wote mpaka puani. Huyu hapa kameza maji."

Aliyemeza maji akatikisa kichwa kwa huzuni, akachukua kaimati nyingine.

"Waume zetu hatujawaambia bado," akaendelea. "Akipita tena, tutawaambia."

Wakaondoka wakaniombea dua. Mume wangu aliporudi nikamuuliza, "Njiani kule huoni kitu?"

"Nini? Nguo zimerowekwa tu majini, rangi rangi."

Kwa mbali macho yake yalikuwa mabovu, nanyi mnayajua, mmeyarithi. Nikamwambia, "Bwana, zile nguo zina wenyewe ndani."

Alikaa chini. Rangi ikamtoka, ikarudi, ikamtoka tena. Kwanza aibu, halafu akamkumbuka tajiri. "Basi kazi imekwisha," akasema. "Jabali siwezi kupanda nimebeba baiskeli. Na bila ya baiskeli ule uwanda siuwahi."

Nikamuhurumia kweli. Lakini mie akili yangu ilikuwa imeshatoka mlangoni. Nikavaa buibui nikenda kwa bi mkubwa. "Bibi, njia ya falaj mwanamke anapita?"

"Mwanamke hata akipita na ngamia."

"Na chuma?"

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Halafu akacheka mpaka pete ya pua ikatikisika. "Chuma kikiwa na mlio," akasema.

Sasa, nilipokuwa mdogo, shambani kwa baba yangu kwenye mikarafuu, nilikuwa nikiiba baiskeli ya kaka yangu. Hilo mume wangu hakulijua. Usiku ule nilipomwambia alinitazama kama kaoa mtu mwengine.

Asubuhi yake baada ya sala, yeye akashika jabali mikono mitupu, na mie nikashika falaj, suruali ya Kiomani chini ya nguo, kengele nimeirudisha mahala pake. Nilipiga kengele toka mtende wa kwanza. Wanawake wakatoka majini kutazama, wengine na povu kichwani. "Shika! Shika!" wakapiga kelele. "Tazama mbele, we binti, usitutazame sisi!" Lakini vipi usiwatazame watu kama wale? Penye daraja la magogo nikawatazama, na baiskeli na mie tukaingia falaj.

Walinitoa wanacheka wameshikana mabega. Aliyemeza maji akanambia, "Sasa tuko sawa." Mmoja akanikamulia leso, mwengine akaifuta baiskeli kama mtoto, bi mkubwa mwenyewe akaishika nyuma akanisukuma.

Mume wangu alikuwa kashashuka jabali, kasimama ukingoni mwa uwanda anatafuna vidole. Akaniona natona maji.

"Umeanguka?"

"Nimekoga," nikamwambia. "Panda wende, tajiri anakungoja."

Akapanda tandiko bichi lile lile, akakata uwanda. Alifika duka linafunguliwa. Tajiri akaitazama kanzu yake kwa nyuma, ilivyorowa duara, akamuuliza kama amekuja kwa baiskeli au kwa samaki. Lakini kazi hakumnyang'anya.

Basi ikawa ndo utaratibu wetu. Asubuhi yeye juu, mie chini, tunakutana ukingoni, jioni vivyo hivyo kurudi. Asubuhi mara nyingi nilimtangulia, nikamngoja kwenye kivuli. Sikuzungumza tena na sufuria, maana jioni njia ile ilinichukua muda mrefu kuliko inavyostahili, kila mtende nnateremshwa: njoo unywe kahawa, njoo umuone mwali wetu, hebu na mie nijaribu chuma.

Mwaka wa sabini akaja Sultani mpya, barabara ya magari wakaanza kuisawazisha, na ruhusa hazikuulizwa tena. Mume wangu akaja mbio kunipa khabari. "Mke wangu, umepumzika! Sasa nnaweza kupita njia kuu toka mlangoni mpaka dukani."

Nikaitazama baiskeli. Nikamwambia, "Ile changarawe mpya itakuharibia mipira, bwana. Ngoja ikae vizuri kwanza."

Akanitazama. Alikuwa haoni vizuri kwa mbali, lakini mie nilikuwa karibu.

"Kweli," akasema, "mipira siku hizi ghali." Akavaa viatu vyake vya jabali.