Jiwe Jeupe la Jikoni Kwangu

Nianze kwa kukubali: siku ya kilio cha mama yangu mzazi, mbele ya pasteri, mbele ya wamama wa kanisa na nusu ya mtaa wetu hapa Butembo, mimi Kavira, mwalimu wa shule ya primaire, mtu mzima mwenye watoto wanne, nilipigania jiwe. Msicheke kwanza. Au chekeni tu, mimi machozi yangu nilishayamaliza.

Mambo yalianza na nia nzuri. Mama alikuwa amekimbia vita ya Eringeti pamoja na mdogo wake, mama Masika, wakalala porini siku kadhaa kabla ya kufika Oicha. Masika akabaki pale, mama akaja kwangu na kikwembe kimoja cha kujifunga na kikohozi. Nikasema huyu mama ameinama juu ya moshi maisha yake yote, sasa atapika amesimama, ndani ya nyumba, bila mvua. Bwana yangu akakubali, tukajenga jikoni ya ndani, ikabaki kuchagua tu jiwe la kulaza juu ya meza ya kupikia.

Fundi Kambale alinipeleka kwenye depo ya carreaux, vigae na mawe ya nyumba, akanionyesha vipande viwili, kimoja cheusi, granit, na kingine cheupe chenye mistari ya kijivu, marbre. Halafu akatoa ndimu mfukoni (kumbe alikuja nayo makusudi), akaikata, akadondosha matone juu ya vyote viwili, tukangoja. Alipofuta, cheusi kilikuwa vilevile. Cheupe kilibaki na alama iliyopauka pale ndimu ilipogusa.

— Maman, hii ya mweupe hapana ya jikoni, akaniambia. Ndimu inaikula, tomate inaikula, mafuta ya mawese ikiingia haitoke tena. Hii weka mu salle de bain, kule munaogea. Ya jikoni, kamata granit.

Mtu mwenye akili angemaliza pale. Lakini mimi nilikuwa nimetembelea Beni, kule Beu, kwa rafiki niliyesoma naye, bwana yake ni mkubwa wa serikali aliyetumwa kutoka Kinshasa, na jikoni mwake mlikuwa na jiwe jeupe linang'aa mpaka unaona meno yako (sikujiuliza kwa nini mle ndani hamnuki chakula, nilikuja kujua baadaye kwamba mfanyakazi wao anapikia nyuma ya nyumba). Nikamjibu fundi kwamba ndimu tutakatia kwenye sahani. Akanitazama, akarudisha nusu ya ndimu mfukoni, akaenda kupima jiwe jeupe.

Wiki ya kwanza mama akaoshea ndagala, wale samaki wadogo, na ndimu palepale juu ya jiwe, kama mtu yeyote angefanya. Sikumgombeza. Nilifanya vibaya zaidi: nilichukua kitambaa, nikafuta na kufuta mbele yake bila kusema neno. Kesho yake nikatangaza sheria: juu ya jiwe hakuna ndimu, hakuna nyanya, hakuna mawese, hakuna sufuria ya moto. Sasa niambieni, ukiondoa hivyo, mtu wa kwetu atapika nini? Mama hakubishana. Alibeba mbabula yake, jiko la makaa, akaiweka nje, kando ya ukuta.

— Hapana kitu, mutoto wangu, akasema. Miye nilishazoea inje.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ameelewa.

Butembo ni baridi, mnajua. Mvua zilipoanza alijifunika kipande cha bâche ya plastiki mabegani akaendelea kukoroga sombe yake ya majani ya mihogo. Nilimwambia aingie ndani, tena si mara moja, lakini sikumwambia hata siku moja aingie na sufuria. Kikohozi kikashuka kifuani. Hospitalini walisema ni mapafu, walisema ni jambo la zamani, la kule porini. Labda. Alikufa Alhamisi asubuhi, na ile labda ninayo mpaka leo.

Kwetu mfiwa hapiki. Unakaa chini kwenye mkeka, wamama wa kanisa wanakuja na visu na sufuria zao, wanashika jikoni yako, na wewe kazi yako ni kulia. Nilikuwa nimekaa hivyo, mama Masika aliyefika kutoka Oicha amenishika mkono, jeneza liko mbele yetu, pasteri anaomba, watu wamejaa mpaka barabarani, ndipo nikasikia kutoka jikoni sauti ya maman Katungu, présidente wa wamama:

— Leteni ndimu, tuoshe samaki!

Niliinuka. Katikati ya maombi. Watu wakafikiri uchungu umenipanda kichwani, wamama watano wakanikimbilia wanishike nisijitupe chini, wengine wakaanza kupiga kelele za kilio kwa kunihurumia, pasteri akanyamaza, bwana yangu akaruka benchi, na kundi zima hilo likanifuata mbiombio mpaka jikoni, likanikuta nimelala kifudifudi juu ya jiwe, nalisugua kwa kikwembe changu cha kilio, natokwa na machozi ya kweli, na ninachosema ni hiki:

— Nani aliweka ndimu hapa? Nani?

Maman Katungu alikuwa bado ameshika samaki, maji yanadondoka chini.

— Kavira, akasema polepole, tuko nalia mama yako, ao tuko nalia hii libwe?

Na jirani yangu, mtu mzuri, asiye na ubaya wowote, akaongeza kama mtu anayefahamu kitu kwa mara ya kwanza:

— Kumbe njo sababu ya hii libwe koko, mama yako, alikuwa anapikia inje na mvua. Miye nilikuwa namuonaka kila siku.

Ningetukanwa ningepona. Hawakunitukana. Walikusanya sufuria, visu na samaki wao, mmoja mmoja, wakatoka, wakawasha moto kando ya ukuta pale ambapo udongo ulikuwa bado mweusi kwa makaa ya mama. Chakula kilichelewa, tukaenda makaburini na kurudi hakijaiva, wageni wa Beni wakapanda magari yao na njaa, na kila mtu alijua kwa nini. Mimi nilirudi kwenye mkeka. Hakuna aliyekuja kunishika tena.

Tulikuwa tumepatana kwamba mama Masika atabaki kwangu, maana kule Oicha usiku hawalali vizuri. Siku ya tatu nikamkuta anafunga kifurushi chake.

— Mama mudogo, kule kuko vita, kuko masasi. Baki hapa. Jikoni ni yako, fanya unavyotaka, vunja hata hiyo jiwe.

Hakukasirika. Alifunga fundo, akalijaribu kama limekaza.

— Mu pori, dada yangu alipikia inje sababu ya vita, akasema. Huku kwako, alipikia inje sababu ya nini?

Bwana yangu akamsindikiza mpaka kwenye gari, mimi nikabaki mlangoni na aibu yangu.

Nimeapa kwamba sitachagua tena kitu cha nyumba kwa macho yangu peke yangu, nitamuuliza kwanza yule atakayekitumia, na akisema hapana, ni hapana. Ni kiapo kidogo na kimechelewa, najua. Kila Jumapili baada ya kanisa ninampigia mama Masika simu. Ananisalimia vizuri, anauliza watoto, anauliza kama mihogo imepanda bei, anacheka hata. Nikifika tu kwenye neno la kurudi, anasema réseau ya simu iko nakatika.