Diski ya Ijumaa

Diski ya shule yetu ilinuka jasho. Ilikuwa kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba ya mkonge. Kwa kuwa ilizunguka shingoni mwa watoto wa kila darasa, na jua la Migwani mnalijua, ilibeba harufu yetu sote kwa pamoja. Aliyesikika akiongea Kikamba, au Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, alivishwa. Njia ya kuivua ilikuwa moja tu: umsikie mwenzako naye akiteleza, umvishe. Kwa hiyo mwenye diski alizungukazunguka uwanjani masikio wazi, na popote alipokaribia watu walinyamaza kama waliomwagiwa maji. Ulikuwa mchezo mtamu sana, mradi usiwe wewe uliyeivaa.

Shida ni kwamba Kiingereza chetu hakikutosha siku nzima. Kufikia saa nne kilikuwa kimekwisha. Basi tukaanza kukishona na Kiswahili: tunachukua neno la Kiingereza, tunalitia mimi na wewe mbele yake, safari inaendelea. "Umenipush!" "Sijakutouch!" "Nitakureport!" Na kila kitu kilikuwa kwa kitu kingine: kitabu kiko kwa desk, mwalimu yuko kwa staffroom. Mwende, rafiki yangu niliyeketi naye dawati moja, ndiye aliyekuwa fundi. Alikwambia, "Nilendie rubber, nitakureturnia," bila kupepesa macho, na mwenye diski akabaki kajishika kiuno, hajui kama amshike au amwache. Kesi ikafika kwa mwalimu wetu wa darasa la sita. Akatafakari, akakohoa, akaamua kwamba neno la namna hiyo ni kosa na adhabu yake ni diski. Hazikupita dakika tano, akiwa anaandika ubaoni, akatugeukia kwa hasira: "Nyinyi huko nyuma, mnanidisturb!" Darasa zima likaiangalia diski, kisha likaiangalia shingo ya mwalimu. Hakuna aliyethubutu. Nilikizuia kicheko mpaka machozi yakanitoka.

Muhula huo kwaya yetu ilialikwa kuimba katika mji wa Wote. Mwalimu akatangaza kwamba atakayelala na diski Ijumaa hatapanda basi Jumamosi. Atabaki kufagia madarasa. Mwende hakuwa amewahi kusafiri kupita Migwani. Mama yake alikuwa ameshona upya pindo la sare yake na kuipiga pasi ya makaa siku mbili kabla, kisha akaitundika ukutani na kukataza mtu yeyote kuigusa. Mimi nami nilikuwa nimewatangazia nyumbani kwetu wote kwamba naenda kuona mji. Ijumaa yenyewe, kabla hata ya mapumziko ya saa nne, nikajikwaa kwenye jiwe, kidole kikachubuka, nikamwita mama kwa Kikamba. Diski hiyo, shingoni!

Mchana kutwa niliwinda, sikupata mtu. Watoto waliokuwa hawafungi midomo hata kanisani siku hiyo walikuwa mabubu. Baada ya kula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, mimi na Mwende tukatumwa kuni za jikoni, na njiani alizungumza nami kwa vidole tu, huku akicheka. Nikainama, nikapeleka mkono chini ya rundo. Ghafla nikasikia, "Eka! Nzoka, Mumbua! Nzoka!" Acha, nyoka! Akanivuta kwa kola, tukaanguka wote chali, na nyoka mweusi, mrefu kunishinda, akatoka pale nilipotaka kushika, akatambaa kuelekea kwenye ua. Tulikaa kwenye vumbi tukihema. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unaniwaka moto. Nikaivua diski, nikamvisha Mwende. Hakubishana. Aliinamisha kichwa kidogo ili kamba isimkwaruze masikio.

Nilienda Wote. Niliimba, nikaona majengo, nikala chips kwa mara ya kwanza. Nikamfungia Mwende nusu yake katika karatasi, na zilipomfikia jioni zilikuwa baridi na laini kama uji. Alizila zote, akanihoji habari za Wote tangu mwanzo hadi mwisho, hata rangi ya viti vya basi. Habari ya diski hakuitaja, nami nikashukuru kimyakimya kwamba hakuitaja.

Siku hizi Mwende ana duka la mbegu na dawa za mifugo, tena huko huko Wote, na mimi huteremka kutoka Nairobi kumwona kila Desemba. Lugha yetu ni ile ile ambayo zamani ingetufagiza madarasa wiki nzima. Watoto wake huniambia "Aunty, tumekumiss," mwenye duka jirani hupiga kelele "Nisendie hiyo risiti kwa WhatsApp," na hakuna anayenyamaza mtu mwingine akipita. Desemba iliyopita, tukiwa tumeketi nyuma ya kaunta tukimenya maembe, nilijikaza nikamuuliza kama anaikumbuka ile Ijumaa. Mwende akacheka mpaka akaweka kisu chini.

"Kumbe hiyo kitu imekudisturb miaka yote hii? Mimi nilikuforgive tukiwa bado chini kwa vumbi. Lakini hebu niambie ukweli, Mumbua. Kama ningetafuta Kiingereza kwanza, leo ungekuwa hapa ukinivisit?"

Kulikuwa na neno moja nililopaswa kulisema siku ile pale penye kuni, na ambalo sikulisema kwa sababu lingenirudishia diski. Nikamshika mkono wake wenye utomvu wa maembe, nikamshukuru kwa Kikamba: "Ni muvea, Mwende. Ni muvea muno."