Nyayo za Punda Kando ya Hori

Wiki iliyopita niliambiwa nimwage maji, nikayamwaga. Yalikuwa maji ya bakuli moja tu, na kazi yenyewe haikuchukua hata dakika, lakini tangu siku hiyo sina raha. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Doonside, katika nchi hii ya ugenini. Nakaa Quakers Hill, nabadilisha treni Blacktown, na nikifika kazini huwa nimeshachoka kabla sijamwinua mtu hata mmoja kitandani. Januari ya huku ndiyo kiangazi chenyewe. Siku hiyo joto lilikuwa limepita nyuzi arobaini na lami ya maegesho ilinata kwenye soli za viatu.

Kuna mama mzee mmoja pale ambaye alikuwa na mtindo wa kuweka bakuli la maji barazani, nje ya mlango wa kioo wa chumba chake. Alimwekea posamu, mnyama wa manyoya ya kijivu, mkubwa kiasi cha paka, anayeishi juu ya miti na ambaye kwa kawaida hatoki mpaka giza liingie. Joto la siku hizi limemvuruga. Anashuka mchana kweupe, amelegea, anapita mbele ya watu kana kwamba hatupo, anakunywa, kisha anapanda tena. Mama mzee huketi kwenye kiti chake akimtazama, na huo ndio mchana wake wote. Basi mwenzangu wa zamu, dada mmoja Mrundi tuliyezoeana, akanijia na ufagio wa maji mkononi.

"Dada, boss amesema ile bakuli itoke. Ni hazard, anasema. Mzee akiteleza pale ni incident report, na wewe unajua nani ataandika."

"Na yule mnyama je?"

"Dada, mimi niko na double shift. Mnyama ajipange."

Nilicheka, maana ukichoka unacheka chochote. Nikafungua mlango, nikachukua bakuli, nikayamwaga maji kwenye majani makavu. Mama mzee alinitazama kupitia kioo. Nikarudi ndani kukunja mashuka, na hapo kwenye mashuka ndipo nyanya yangu aliponijia, na hajaondoka hadi leo.

Hebu nikupeleke kwetu kidogo. Kwetu ni kaskazini mwa Kenya, kule ambako ukimtajia mtu wa Nairobi anauliza kama kuna barabara. Wazazi wangu walikuwa na kazi mjini, na kila shule ilipofungwa nilipakiwa kwenye lori la bidhaa nikapelekwa kwa nyanya, nikiwa na sabuni, sukari na maonyo. Mto wetu ulikuwa laga, yaani mto wa mchanga. Maji hupita juu siku chache za mvua, kisha huzama, na mwaka uliobaki lazima uyachimbe. Kila ukoo ulikuwa na kisima chake mchangani. Jua lilivyozidi, shimo nalo lilizidi kwenda chini, mpaka vijana watatu wasimame humo mmoja juu ya mwingine wakipokezana debe huku wakiimba. Ng'ombe waliujua wimbo wa kisima chao. Ukiimbwa wa jirani walisimama tu wakitafuna, ukiimbwa wao walikuja mbio, na hilo sijawahi kuliona tena popote.

Nakumbuka asubuhi za pale kuliko jioni. Nakumbuka kengele za mbao shingoni mwa ngamia, na maziwa yenye ladha ya moshi, kwa sababu vibuyu vilisafishwa kwa kijinga cha moto. Nakumbuka chai nzito ya maziwa ya ngamia, ambayo ilinikaa tumboni hadi saa saba. Nyanya hakuniachia ninywe nikiwa nimeketi. Alikuwa mrefu, mkali, mwenye goti bovu la kulia, na alitaka tuwahi laga kabla mifugo haijavuruga mchanga. Alikwenda kusoma habari.

Habari zenyewe zilikuwa nyayo. Nyanya hakujua hata herufi moja, lakini mchanga ule aliusoma bila kusitasita. Alinionyesha alipopita fisi jike mwenye mguu mbovu, alipolala swala, alipogeuka chui baada ya kunusa moto wetu. Siku moja jirani alikuja akilia kwamba mbuzi wake ameibwa. Nyanya akatembea hatua kadhaa, akainama, akamwambia mbuzi wako yule wa kahawia hajaibwa, amefuata beberu la watu, nenda bomani kwa fulani. Akaenda, akamkuta. Jirani hakubishana naye tena tangu siku hiyo, ila kwa mambo ya sukari.

Miaka ile mvua zilikuwa zimeanza kukosea. Zilikuja zikachelewa, au zikaanza vizuri halafu zikakatika. Nyanya alisema kwamba utotoni mwake wanyama wa porini walikunywa asubuhi, mchana, wakati wowote, kwa sababu maji yalikuwa mengi na watu wachache. Sasa mifugo ilishika visima tangu alfajiri hadi jua kuzama, na wanyama walikuwa wamejifunza. Ndovu walichimba mashimo yao wenyewe kwa miguu na mkonga, mbali kidogo na yetu, na wakishamaliza ngiri na swala wakaja kunywa kilichobaki. Nyani waliijua siku ambayo wachungaji hawakuja na bunduki. Na punda milia, wale wa kwetu wakubwa, wenye mistari myembamba na masikio ya mviringo, walisimama mchana kutwa juu ya ukingo, pua zao zikielekea majini, wakingoja sisi tuondoke.

"Wamebadili saa," nyanya alikuwa akisema. "Si wao walitaka. Sisi ndio tumekalia saa zao."

Niliyapeleka maarifa hayo shuleni, nikaandika kwenye mtihani kwamba punda milia hunywa maji baada ya jua kutua. Mwalimu akanikosesha kwa wino mwekundu. Kitabu chake kilisema asubuhi. Nilipomsimulia nyanya alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mwalimu huyo aletwe likizo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye mambo. Kwetu jioni kisima huzibwa kwa matawi ya miiba ili mnyama asitumbukie akafa humo na kuyaharibu maji. Lakini anayeziba ana kazi moja kabla ya kuziba: ajaze hori, lile gogo lililochongwa la kunyweshea mifugo, aliache limejaa, aende zake. Maji hayo si ya mtu. Ni ya wale waliongoja ukingoni. Nyanya alisema ukiziba kisima bila kuacha maji umemfungia mwenzako mlango, na mwenzako ananyonyesha. Likizo ile ya ukame mkubwa, nikiwa na miaka kumi, kazi ya hori nilipewa mimi.

Nyanya hakusema "mwenzako ananyonyesha" kwa kupamba maneno. Alikuwa akimsema mmoja. Palikuwa na punda milia jike aliyekuwa amezaa juu ya mlima mdogo, na mtoto wake alikuwa bado na manyoya ya kahawia mgongoni. Wengine waliweza kwenda maji ya mbali na kurudi baada ya siku kadhaa. Yeye hakuweza. Mama anayenyonyesha asipokunywa kila siku maziwa hukauka, na akienda mbali mtoto hubaki peke yake na fisi, au humfuata akafia njiani. Kwa hiyo kila asubuhi nyanya alikwenda moja kwa moja kwenye hori, akatazama chini, akaziona kwato pana za mama na vikwato vya mtoto, akasema, "Wamekuja." Ndipo siku yake ilipoanza. Nilikuwa na wivu kidogo, sitakuficha.

Kujaza hori kulikuwa mateso. Kisima kilikuwa kimekaribia kukauka. Nilishuka mwenyewe, nikakwangua kwa kibuyu, nikangoja maji yachuruzike tena, nikakwangua, nikapanda na debe kichwani, nikashuka. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine juu yake. Watoto wenzangu walikuwa wameshakaa kando ya moto wakila. Siku moja nikaacha hori likiwa nusu. Kesho yake robo. Kisha nikaacha kabisa, nikawa nalilowesha tu ndani kwa kitambaa, ili nyanya akipitisha kidole asubuhi akute unyevu.

Nyayo ndizo zilikuwa tatizo. Nami nilikuwa mjanja, ule ujanja wa miaka kumi. Tulikuwa na punda wa kubebea maji, jike, naye alikuwa na mtoto. Nikamshika kamba, nikamzungusha mara mbili tatu kando ya hori, mtoto wake akifuata nyuma, kisha nikazifuta nyayo zangu kwa tawi. Nikasimama nikatazama kazi yangu. Kubwa na ndogo, kwato kando ya kwato. Asubuhi nyanya alifika, akatazama kwa muda, akasema, "Wamekuja," tukarudi nyumbani kunywa chai. Nikafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na ya nne, na kila mara nyanya akasema vile vile, nami nikajiona mwerevu kuliko mwalimu.

Siku ya tano jirani, yule wa mbuzi, alipita akasema kuna mtoto wa punda milia amekufa chini ya ukingo. Hakuwa ameliwa. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, na mama yake amesimama karibu hataki kuondoka. Tulikwenda. Nilitazama miguu yangu muda wote. Nyanya alisimama, akaegemea fimbo yake, akasema, "Ni jua hili," basi. Nilingoja aseme zaidi. Akageuka kurudi nyumbani, nami nikamshukuru Mungu kwamba sikugunduliwa.

Miaka imekwenda. Nyanya alifariki nikiwa huku, nikazika kwa simu, nikiwa nimejifungia chooni kazini na sauti nimeipunguza. Ndugu zangu wananiambia visima vya mchanga havichimbwi tena. Kuna kisima cha mashine, kina bomba, kina ua wa waya, na lango hufungwa jioni kwa kufuli. Nyimbo za kuchota hazina kazi. Ukingoni hakusimami mtu wala mnyama akingoja, kwa sababu hakuna cha kungojea. Punda milia wale, wanasema, huonekana kwa bahati, mbali, wakitembea saa ambazo hakuna aliyezoea kuwaona. Hori letu lilipasuliwa kuni. Nilipoambiwa hilo sikulia, nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo na nilitaka kulala tu.

Hadithi ya punda niliibeba nikavuka nayo bahari. Huwa naisimulia kwenye sherehe zetu, mtu akihitimu au mtoto akibatizwa, na watu hucheka. Ila huwa naiishia kwenye nyayo, nyanya akisema "Wamekuja." Sijawahi kumtaja yule aliyelala chini ya ukingo.

Jana nilirudi kutoka kazini, nikaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa mezani akifanya kazi ya shule. Akaniuliza kwa nini nimekuwa kimya wiki nzima. Nikamwambia, na safari hii sijui ni uchovu au nini, nikaisimulia yote mpaka mwisho. Nilisimulia kwa Kiswahili, naye akasikiliza. Hakucheka hata pale pa kuchekesha. Halafu akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, tena kwa upole, akauliza: huyo nyanya aliyemjua mbuzi wa jirani kwa nyayo, hakumjua punda wake mwenyewe?

Nikaitoa miguu kwenye beseni.

Alimjua. Bila shaka alimjua. Punda yule alimlea tangu anazaliwa, na kwato za punda ni nyembamba, za punda milia ni pana, hata mimi nilijua. Asubuhi zote zile alisimama pale akitazama nyayo za punda wake na hori lililoloweshwa tu, akanitazama mimi na viganja vyangu vilivyopasuka, akasema wamekuja. Alikuwa akinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Au alinionea huruma, akakadiria kwamba mtoto wa punda milia kule juu atastahimili siku moja zaidi, na moja nyingine. Sitajua kamwe, na hilo linaniuma kuliko kukaripiwa.

Binti yangu akauliza baada ya pale ilikuwaje. Na hapo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukiunganisha na lolote. Jioni ile ile aliyokufa mtoto, nyanya aliniambia kuanzia leo niache hori, nikachunge wanambuzi karibu na boma. Nilirukaruka kwa furaha. Nilidhani amenipa zawadi, kumbe alikuwa amenifuta kazi. Likizo yote iliyobaki alikwenda mwenyewe, kwa ajili ya wengine waliokuwa bado wanangoja. Mimi nilikaa kivulini na wanambuzi, na kila jioni nilimwona akishuka laga na debe, amelishika goti lake kwa mkono mmoja, na nilichowaza ni kwamba afadhali yeye kuliko mimi.