Daktari wa Ng'ombe kwenye Barrière ya Sake

Mwaka ule wa Korona, Léonard Nsengimana alikuwa ametibu ng'ombe wa vilima vya Masisi kwa miaka kumi na tisa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ng'ombe hawakumdai maneno, na hilo lilimfaa.

Asubuhi moja Mama Dorothée alimpigia simu kutoka Kirolirwe. Ng'ombe wake mmoja alikuwa ameanguka malishoni na kufa ghafla, damu nyeusi ikimtoka puani bila kuganda.

"Musimupasue!" Léonard alisema, akitambua dalili za kimeta. "Iko charbon. Mukimupasua, ugonjwa utaingia mu bantu."

"Papa Léonard, majirani wamekwisha kufika na visu. Bwana yangu akikatala kugawa nyama, watasema Élie iko muchoyo, anataka kuila peke yake. Kuja weye mwenyewe, useme mbele yao."

Alijua kwamba ni kweli. Huko ng'ombe akifa, nyama ni ya kilima kizima, na anayeinyima hana wa kumbebea mgonjwa wake siku ya shida. Daktari pekee, akiwa amesimama kando ya mzoga, ndiye anayeweza kumwondolea lawama. Maneno ya simu yangeonekana ni ya kupangwa. Léonard alivaa koti lake jeupe, akafunga chanjo ya ng'ombe waliobaki nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Kwenye njia ya kutoka Sake, penye barrière, kizuizi cha Korona, kamba ilikuwa imevutwa barabarani. Théophile, aliyeshika orodha ya wenye ruhusa ya kupita, alikuwa ameshusha barakoa yake kidevuni.

"Papa Docteur! Uko munganga wa bantu ao wa ngombe?"

"Wa ngombe."

"Basi ngombe wavae barakoa, wabakie ku nyumba!" Wenzake wakacheka. "Hapa wameandika munganga, infirmier, na mwenye kubeba chakula. Vétérinaire haiko."

Wakati huohuo lori la maziwa likashuka kutoka Masisi. Kamba ikalegezwa, likapita.

"Maziwa inapita, mimi hapana?"

"Maziwa njo chakula, Papa. Weye uko chakula?"

Léonard alieleza habari za charbon, kwa sauti ya chini kama kawaida yake. Théophile akamwambia alete karatasi. Kwenye ofisi ya serikali pale Sake akaambiwa aandike barua, kwa maana orodha ilitoka Goma. Akaandika, akarudi kwenye kamba, akaketi juu ya jiwe. Angeweza kudanganya tangu mwanzo. Koti lilikuwa jeupe. Angeweza pia kupiga kelele. Alikaa.

Mama Dorothée alipiga simu mara mbili kuuliza amefika wapi. Mara ya tatu jua lilikuwa linashuka.

"Wamechoka kungoja," alisema. "Papa Élie amekamata kisu."

Siku ya tano Papa Élie alizikwa, mkono wake ukiwa na kidonda cheusi kama makaa. Majirani wawili walikuwa wamelazwa. Siku iliyofuata Bibiche, infirmière aliyeuguza wagonjwa kwenye kituo cha afya, alisimamisha ambulansi mbele ya nyumba ya Léonard.

"Panda, Papa Léonard. Bila weye hatutamaliza hii ugonjwa."

Walipofika kwenye kamba, Théophile aliilegeza bila kuuliza chochote, macho yake yakiangalia chini.

Kirolirwe walimsikiliza. Alisema nyama iliyobaki izikwe kwenye shimo refu, wakachimba. Hakuna aliyetaja uchoyo. Kisha Mama Dorothée akamsogelea, kitambaa cha matanga kichwani.

"Ile siku niliwazuia tangu asubuhi. Niliwaambia, Papa Léonard iko mu njia. Uliambia bale ba barrière kama tuko tunakungoja?"

"Niliwaambia, Mama."

"Uliwaambia na sauti gani?"

Léonard aliinama. Akavuta chanjo kwenye sindano, akaomba aletewe ng'ombe wa kwanza.