Nilivyogombana na mwalimu wa hesabu kwa ajili ya mtani wangu, enzi za Mwingereza

Wakuu, sogeeni karibu, na mlio nyuma njooni mbele. Mwenye haraka apite.

Mie shule sikukanyaga. Naongea, simu ndo inaandika, ikikosea ilaumuni yenyewe. Chumvi nitatia, mie ni mpishi, ila kisa chenyewe nimekiona kwa macho haya.

Juzi mjukuu kanisomea humu lecturer mmoja anajisifu kafelisha nusu ya darasa. Sahani ya wali nikaisukuma pembeni.

Sasa sikilizeni.

Mwingereza bado yupo, mie kijana, nilikuwaga mpishi wa chuo kimoja cha ualimu huku Temeke. Temeke ya mikorosho, si hii yenu. Mwiko wangu mrefu kama kasia, nikigeuza ugali bati la jiko linanyanyuka.

Palikuwa na mwanafunzi anaitwa Mihambo, Mnyamwezi wa Tabora. Mie Mzaramo, kwa hiyo watani. Kila mchana akishakula anakuja jikoni kunitukana. Anasema Wazaramo tunazaliwa na ngoma tumboni. Mie namwambia babu zake walibeba mizigo mpaka vichwa vikawa bapa. Tunacheka, anarudi darasani.

Siku moja kaja, nikamwanza, "Mnyamwezi, leo shingo imekatika?"

Kimya.

Nikamtupia zito, la mama mkwe wake ambaye hata hajampata. Kimya.

Wakuu, mtani asiporudisha tusi, ujue kuna msiba.

"Jumamosi wananirudisha kwetu," akasema. "Hesabu nimeanguka mara tatu."

"Umekwama wapi?"

"Kwenye desimali. Tangu nifike."

"Si ungemuuliza mwalimu?"

Akaniangalia kama nimemtuma akamvue kofia gavana. "Yule mkubwa wangu. Kwetu mkubwa akishasema, humwambii rudia. Ni kama unamwambia hajui kueleza."

"Mbona mie unaniambia?"

"Wewe mtani. Wewe nani akuheshimu?"

Nikatoka na mwiko mkononi mpaka kwa mwalimu wa hesabu. Braza mwenyewe kaptula kaipiga pasi, ukipita karibu inakuchana goti.

"Mihambo mvivu," akasema. "Mie nimefundisha, asiyeelewa shauri yake. Rudi kwenye maharage yako."

"Mwalimu, wanafunzi wakirudisha sahani zimejaa, mie sisemi hawajui kula."

Akanifungia mlango. Hasira niliyorudi nayo, siku ile maharage yaliiva bila kuni.

Kesho yake mkuu wa chuo, Mzungu mrefu, akaja kukagua jiko kama kawaida yake. Nikammwagia yote, nikijua kazi naweza kupoteza. Akasikiliza, akaondoka. Mchana akatuita ofisini mie, Mihambo na mwalimu. Tarishi wa ofisi, kijana wa rika la Mihambo, naye kasimama pale na mafaili yake.

"Huyu haendi popote," mkuu akamwambia mwalimu. "Kila jioni utakaa naye saa moja. Na umuulize wewe, usingoje akuulize."

Nisimame hapa kidogo niseme na nyie walimu wa vyuo mliomo humu. Kijana anayekwama haji ofisini kwako, hasa huyu aliyelelewa kwa adabu. Mwite. Mkalishe. Muulize imempotea wapi. Mihambo ilimchukua wiki tatu, akapasi, na ualimu akaufanya mpaka mvi. Wiki tatu tu, wakuu. Walikuwa wanamtupa mtoto wa watu kwa kitu cha wiki tatu, halafu mtu anajiita msomi.

Kama nawe ulitupwa hivyo, sema hapo chini. Kama ni mwalimu na unabisha, bisha, nipo, sina pa kwenda.

Ila kilichonichoma mpaka leo ni mwisho wa kikao kile. Mkuu akasema, "Anza leo leo, nenda naye."

Mwalimu akageuka. Akamtazama Mihambo. Akamtazama tarishi. Akarudi kwa Mihambo.

"Samahani, Mihambo ndo yupi hapa?"