Tuliambiwa ugonjwa wa mtoto wetu ni wa Wazungu

Wakuu, salamu kutoka kisiwani Rusinga. Mnaonijua humu mnajua ngege nikimvua mimi anakuwa mamba, na masomo ya jioni nilisoma na koroboi mpaka nyusi zikaungua.

Leo sijaongeza chumvi.

Binti yetu Akinyi alizaliwa mnono. Akaketi vizuri. Kusimama ndio ikakataa. Miguu laini kama omena (dagaa) iliyolowa, lakini akili? Anawajua kuku wote wa boma kwa sura.

Tukampeleka hospitali, mimi, wife na mama yangu. Daktari akasema kuna ugonjwa wa misuli wa kurithi unafanana hivyo, "lakini huo ni wa Wazungu zaidi. Kwetu ni nadra sana." Test hakufanya.

Mama akashika hilo neno. Wife ni Mkuria wa Isebania, sisi ni Wajaluo; mama humwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Kufika nyumbani mama akasema mbele ya watu:

"Si daktari amesema haiko kwa damu yetu? Basi hii ni chira. Nyar Kuria, ulivunja mwiko gani kwenu?"

(Chira ni ile laana ya mwiko. Mtu anaisha tu.)

Wife akafunga mtoto mgongoni, akarudi kwa wazazi wake.

Nikatafuta daktari wa neva za watoto, wife akamleta Akinyi akapimwa damu, kisha wakarudi Isebania. Ikatoka SMA, ule ule ugonjwa wa misuli wa kurithi. Siku ya majibu nilienda na mama makusudi.

Daktari akaeleza polepole. Wanaobeba hii kasoro ni wachache kwetu kuliko kwa Wazungu. "Lakini wachache wapo. Na hapa wangapi wamepimwa?" Mtoto huugua akipata kasoro kwa baba na kwa mama pia, na wao wenyewe ni wazima kabisa.

Mama akauliza, "Na huyu mwanangu alitoa wapi yake?"

"Mara nyingi ni kwa mzazi wake mmoja, mama."

"Babake tulishazika. Nimebaki mimi."

Kesho yake akaenda Isebania peke yake, na Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki tu. Wife anasema alisimama mlangoni:

"Mwanangu, nipe mtoto nibebe. Pengine ni mimi nilimpa."

Wakarudi wote.

Akinyi bado hasimami. Mama ndiye anamfanyisha mazoezi, akiimba mpaka Uganda wanasikia.

Wakuu, nadra haimaanishi haiwezekani. Ulizeni test kabla ya kutafuta mchawi.

Na kama humu kuna mzazi wa mtoto mwenye SMA, tafadhali andika: akishikwa na kikohozi na kifua hakina nguvu ya kukohoa, mnamlazaje?